Gari la mwisho liondoke Mombo saa 1 usiku, hata kama lina watu watatu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye gazeti lako nieleze habari ya usafiri wa huku kwetu Lushoto. Barua nyingi za usafiri ninazosoma humu ni za Dar es Salaam, za foleni na mwendokasi, na sina kinyongo na hilo, maana kule watu ni wengi na wanateseka kweli. Ila huku milimani hakuna foleni ya magari. Kinachotumaliza ni kungoja. Nataka nikieleze hicho kungoja, kwa sababu nimekiona nikiwa upande wa mwenye gari, na sasa nakiona nikiwa abiria.

Mimi ni mjane, naishi Soni. Kuanzia 2009 hadi 2016 marehemu mume wangu na mimi tulikuwa na Hiace moja iliyofanya kazi kati ya Mombo na Lushoto. Miaka mitatu ya mwanzo aliendesha mwenyewe, kisha mgongo ukamkatalia, tukaweka dereva. Kazi yangu ilikuwa daftari. Kila usiku konda alikuja na hesabu, nami naandika: tripu ngapi zimekwenda, mafuta ya shilingi ngapi, ushuru wa stendi, tripu ya kwanza vichwa vingapi, ya mwisho vichwa vingapi. Madaftari hayo yapo sita. Nimeyafunga kamba, yako kwenye sanduku la nguo, na wiki iliyopita niliyatoa yote nikayasoma upya kabla ya kuanza kuandika barua hii.

Kwa msomaji asiyepajua kwetu: Mombo iko chini kabisa ya mlima, kwenye barabara kuu itokayo Segera kwenda Same na Moshi. Hapo ndipo mabasi ya Dar es Salaam, Tanga na Arusha yanapowashusha wanaopanda Usambara. Kutoka Mombo barabara inakwenda kona kwa kona, kilomita 30 na ushei, mpaka Lushoto mjini. Ina lami lakini ni nyembamba, mkono mmoja jabali, mkono wa pili bonde. Masika yakikolea, mawe na udongo huporomoka barabarani, magari yakasimama mpaka pasafishwe. Sisi wa Soni tuko katikati ya njia, pale panapochepuka kwenda Bumbuli. Huko kuwa katikati ndiko kulikonifanya nishike kalamu.

Mjukuu wangu ana miaka 6 na anatibiwa masikio. Mwezi wa nne tulipewa siku ya Jumatatu, tuwe Lushoto saa 2 asubuhi. Saa 11 na nusu alfajiri tulikuwa tumeshasimama kando ya barabara, nimemfunga khanga mbili juu ya sweta, ukungu umeshuka hata taa za gari unaziona likiwa limekukaribia. Gari la kwanza likapita limejaa. La pili likasimama kushusha mtu mmoja, na mahali pake akaingia kijana aliyekuwa karibu na mlango kuliko mimi. La tatu konda alinifahamu. Akatoa kichwa dirishani akasema, "Bibi, shikamoo, nisamehe sana, hawa wote nimetoka nao Mombo." Nikamwambia marahaba mwanangu, nenda. Ningemwambia nini? Alikuwa anasema kweli. Siku ile tulipata siti saa 3 kasoro robo, wawili kwenye siti moja, na tulipofika namba za siku hiyo zilikuwa zimekwisha. Tukapangiwa wiki mbili mbele. Mtoto akarudi na usaha wake sikioni kama alivyokwenda.

Mtu atauliza kwa nini nisipande bodaboda. Nimeipanda mara nyingi, na vijana wa bodaboda wa Soni ni watoto wangu, wamenisaidia usiku ambao hakuna mwingine angetoka. Lakini mtoto mwenye maradhi ya masikio, kwenye baridi ile, juu ya pikipiki, kona baada ya kona, na malori ya kabichi yanashuka upande wa pili! Isitoshe, bei ya bodaboda mpaka Lushoto ni mara nyingi ya nauli ya gari. Mama anayeuza karoti kwa mafungu akiilipa mara moja, faida ya siku nzima imekwenda.

Wanafunzi ndio wanaoniuma kuliko wote. Wapo wasichana wanaotoka Soni kwenda shule kila asubuhi na sare zao, wanasimama na sisi hapohapo. Gari likija na nafasi mbili, konda anaangalia sura. Akiona sare anapiga bati, gari linaondoka. Nimewaona wakikimbia nyuma ya gari na mabegi yanawapiga mgongoni. Wanafika shule kipindi cha pili, wanaadhibiwa kwa kuchelewa, na kesho yake wako tena pale barabarani. Jioni wanarudi gizani. Mzazi mwenye binti anaelewa namaanisha nini nikisema gizani, na nani anayejitolea kumpa lifti.

Sasa niende upande wa pili, wa mwenye gari. Watu wengi wakikasirika humtukana konda, na konda ndiye mwenye nguvu kidogo kuliko wote katika jambo hili.

Utaratibu wetu wa magari ni wa hesabu. Tajiri anamkabidhi dereva gari asubuhi, na jioni anataka fedha yake, kiasi kilekile, mvua ije jua liwake. Dereva anatia mafuta, analipa ushuru, anatenga hesabu ya tajiri, na kinachobaki anagawana na konda wake. Kisipobaki kitu, wamefanya kazi bure siku hiyo. Hesabu isipotimia mara mbili tatu, gari anapewa mwingine. Mtu aliyebanwa hivyo hawezi kuondoka na viti vitupu. Atakaa stendi mpaka gari lijae, hata kama ni saa nzima na nusu. Na likishajaa Mombo kwa abiria wa Lushoto, wanaolipa nauli ya njia nzima, hawezi kumwachia siti mtu wa Soni anayelipa nusu. Na mwanafunzi ndiyo kabisa. Kwenye nauli zilizoanza kutumika Desemba 2023, daladala ya safari isiyozidi kilomita 10 mtu mzima alipangiwa shilingi 600, na mwanafunzi 200. Konda anajua kwamba viti vitatu vya wanafunzi vinampa fedha ya mtu mzima mmoja, na hesabu ya tajiri haijapunguzwa hata senti kwa sababu amebeba wanafunzi. Sisi wenye magari tuliweka mzigo ule juu ya konda, tukamwacha apambane na watoto mlangoni. Nasema sisi kwa kuwa na mimi niliipokea hesabu ile miaka saba, wala siku moja sikumuuliza konda wangu, leo umeacha wanafunzi wangapi barabarani.

Halafu kuna kitu kingine ambacho nilikielewa kwa kuangalia daftari tu. Abiria asiyejua gari litaondoka saa ngapi hujifunza kutolitegemea. Mwenye uwezo ananunua pikipiki. Asiye na uwezo anaahirisha safari, anaacha kwenda. Vichwa vinapungua, gari linachukua muda mrefu zaidi kujaa, na wale waliobaki wakichoka nao wanatafuta njia nyingine. Ukiwauliza wenye magari watakwambia abiria hakuna. Abiria wapo, wamekata tamaa.

Nina ushahidi wa maneno hayo, na ndio kisa cha kichwa cha barua yangu.

Mwaka 2012 jirani yetu mmoja alishuka Mombo jioni akitokea Dar es Salaam kwenye msiba, na mtoto mgongoni. Basi lake lilikuwa limeharibika njiani, likafika saa 1 kasoro. Magari ya kupanda mlima yalikuwa yamekwishalala. Madereva wengi hufunga kazi jua likizama, kwa sababu hesabu imeshapatikana na jioni watu ni wachache. Alitakiwa akodi gari zima. Hakuwa na fedha hiyo, akalala kwenye benchi la mama lishe mpaka alfajiri. Mume wangu aliposikia hakula chakula cha usiku ule. Kesho yake akasema: kuanzia wiki hii gari letu litaondoka Mombo saa 1 usiku, kila siku, liwe limejaa au halijajaa.

Nilipinga. Nataka ijulikane kwamba nilipinga, tena kwa sauti. Nilimfungulia daftari nikamwonyesha bei ya mafuta ya kupanda mlima ule, nikamwambia unapeleka fedha ya ada ya watoto ukungoni. Akanijibu, "Mama, andika tu. Miezi mitatu uandike, halafu unihukumu."

Nikaandika. Wiki ya kwanza ya saa 1 usiku: watu 4, 3, 5, 2, 6, 4, 3. Hiyo ni hasara tupu, mafuta hayarudi. Wiki ya tatu bado, 5, 4, 7, 3. Nilikuwa naandika kwa wino mwekundu ili aone. Wiki ya sita ndipo nilipoanza kuona tarakimu ambazo sikuzizoea: 8, 9, 7, 11. Mwezi wa tatu: 12, 14, 11, 14, 13. Hakuna kilichobadilika Mombo. Watu hawakuongezeka mlimani, wala mabasi ya Dar hayakuongezeka. Kilichobadilika ni kwamba mtu akiwa Korogwe ndani ya basi alimpigia simu mumewe akamwambia usihangaike, nitapanda gari la saa 1. Wauza mboga walianza kushuka mchana wakijua jioni watarudi. Mwalimu mmoja aliyekuwa akilala Mombo siku za kazi akaacha kupanga chumba. Wote hao hawakuwapo kwenye daftari langu kabla, kwa sababu hawakuwa na saa ya kuishika.

Sisi peke yetu tusingeyaweza yale majuma ya mwanzo. Mume wangu aliwafuata wenye magari wengine watatu, wakakubaliana kwa mdomo, bila karatasi: kila mmoja ashike wiki yake, nami niandike vichwa vya wote wanne. Wiki ya zamu, tajiri anapunguza hesabu ya siku ili dereva asiumie kwa tripu ile ya usiku. Wiki tatu zilizobaki anapumzika. Hasara ikigawanywa kwa wanne haimwangushi mtu. Na lilipoanza kujaa, ikageuka kila mmoja anaingojea zamu yake kwa hamu.

Mume wangu alifariki 2016. Gari tuliliuza kulipa madeni ya matibabu. Wale watatu, mmoja alihama, mmoja alinunua lori, wa mwisho hakuweza kushika wiki zote nne peke yake. Makubaliano yalikuwa ya mdomo, na mdomo uliokuwa ukiyasimamia ulikuwa umezikwa. Gari la saa 1 likawa siku lipo siku halipo, na likishakuwa hivyo watu hawalihesabu tena. Leo anayeshuka Mombo usiku anarudi kwenye benchi la mama lishe.

Tena siku hizi wanaoshuka usiku ni wengi kuliko enzi zetu. Mabasi ya mikoani yaliruhusiwa tena kusafiri usiku mwaka 2023, baada ya katazo lililokuwapo tangu miaka ya 1990. Lilikuwa jambo jema kwa nchi. Lakini basi linalopita Mombo saa 5 usiku linamshusha mtu wa Soni, wa Bumbuli, wa Mlalo, anasimama pale na mizigo yake akiwa amebakiza kipande cha mwisho cha safari, na hicho cha mwisho ndicho kisicho na gari. Amesafiri mamia ya kilomita kwa ratiba. Ameshindwa kilomita 30.

Sikubaliani na wanaosema ratiba ni mambo ya Ulaya. Hilo basi la mkoani lina saa yake ya kuondoka na linaondoka, liwe na watu hamsini au ishirini, na mmiliki wake ni Mtanzania mwenye mkopo benki kama mwingine. Na ukienda nyuma zaidi, reli ya kutoka Tanga ilifika Mombo mwaka 1905, miaka sita kabla ya kufika Moshi. Baba mkwe wangu alikuwa akituhadithia jinsi watu wa huku walivyokuwa wakishuka mlima kwa miguu, mizigo kichwani, kuiwahi treni. Waliacha vitanda vyao usiku wa manane wakatembea gizani, kwa sababu walikuwa na hakika kwamba treni ipo na saa yake inajulikana. Watu wa Lushoto wamejua kushika saa ya gari kwa zaidi ya miaka 100. Wapewe saa ya kuishika.

Ninachoomba si kikubwa, na sehemu kubwa yake haihitaji fedha ya mtu yeyote.

Naomba wenye magari ya njia hii wakae pamoja, na safari hii waandike. Gari la kwanza la Mombo na gari la kwanza la Lushoto yaondoke saa 11 alfajiri. Gari la mwisho liondoke Mombo saa 1 usiku. Hizo ni tripu tatu kwa siku, kati ya tripu nyingi zinazofanyika. Katikati ya siku waendelee kujaza kama walivyozoea, sina ugomvi na hilo. Tripu hizo tatu ziwe za zamu, magari yote ya njia yashiriki, na tajiri ambaye gari lake liko zamu apunguze hesabu ya siku ile. Asipopunguza hesabu, dereva atadanganya, ataegesha gari kona ya pili na kungoja. Nawajua madereva. Si wabaya, wana watoto nyumbani.

Halmashauri inaweza kuweka mkono wake hapo bila kutoa shilingi mfukoni: gari la zamu lisilipe ushuru wa stendi siku hiyo. Ni fedha ndogo kwa halmashauri, lakini kwa dereva aliyeondoka na watu watano ni ishara kwamba kuna mtu anaiona kazi yake. Na pawekwe ubao. Ubao wa mbao, rangi nyeupe, saa za tripu hizo tatu zimeandikwa kwa herufi kubwa, mmoja Mombo, mmoja Soni, mmoja Lushoto, na namba ya gari la zamu ya wiki hiyo iandikwe kwa chaki. Siku hizi kila mtu ananiambia habari za programu za simu. Zije. Lakini bibi wa Soni hana simu ya kupangusa, na ubao hauishiwi chaji.

Kuhusu sisi wa katikati, nimefikiri sana. Mwanzoni niliona magari yaagizwe kuacha viti vitatu vya Soni. Nikakumbuka nilivyokuwa upande wa pili nikajua halitafuatwa, maana hakuna konda atakayepanda mlima na viti vitupu huku watu wamesimama mbele yake Mombo. Kilicho bora ni magari mawili ya njia fupi, Soni hadi Lushoto na kurudi, asubuhi kuanzia saa 11 na nusu mpaka saa 3. Mwenye gari atasema nauli yake ni ndogo. Ni kweli kwa tripu moja. Lakini siti moja ya njia ndefu inauzwa mara moja kwa muda ambao siti ya njia fupi inauzwa mara mbili, kwa sababu asubuhi kuna wanaopanda kwenda shule, kliniki na sokoni, na kuna wanaoshuka kuwahi magari ya Bumbuli na mabasi ya Mombo. Nimelipiga hilo kwenye daftari kwa bei za zamani na halikunitia hasara. Anayelitilia shaka na alifanyie majaribio mwezi mmoja kabla ya kulikataa.

Na wanafunzi wagawanywe. Siku hizi gari lenye dereva mwenye huruma linabeba wanafunzi kumi, linaumia, na gari la mbele yake limebeba sifuri. Kila gari la asubuhi libebe watano, si chini ya hapo. Wakigawanywa hivyo mzigo haumlemei mtu, na konda hana sababu ya kuangalia sare. Mamlaka ya usafiri wa ardhini, LATRA, ndiyo inayotoa leseni za njia. Naiomba ifikirie kuyaweka haya mawili, zamu na wanafunzi watano, kuwa masharti ya leseni ya njia yetu. Makubaliano ya mdomo nimeshayaona yanavyokufa.

Binti yangu mmoja ameolewa Voi, upande wa Kenya. Nikienda kumtembelea nawaangalia wenzetu wanavyofanya. Matatu za kule lazima ziwe chini ya sako, yaani chama cha ushirika, au kampuni, mtu mmoja na gari lake hapewi leseni peke yake. Sisemi kule ni peponi, nao wanajaza na makanga wao wanapiga kelele kama wetu. Lakini kuna mahali pa kukaa na kukubaliana jambo, kuna kiongozi wa kumuuliza, na magari yanakwenda kwa mstari. Huku kwetu kila tajiri na gari lake na Mungu wake. Nikitaka kulalamika juu ya gari lililonipita, nilalamike kwa nani? Kwa konda aliyeniamkia shikamoo?

Wapo watakaosema mwanamke huyu anataka wenye magari wapate hasara ili yeye apate siti. Naomba waniamini kwamba najua hasara inavyouma. Nimekaa usiku na taa ya chemli nikijumlisha fedha isiyofika ya kununua matairi mawili, na matairi ya mlima ule hayasubiri. Sijaomba nauli ipungue. Sijaomba magari mapya. Magari yaliyopo yanatosha, nimeyahesabu yakipita mbele ya nyumba yangu. Naomba tripu tatu kwa siku ambazo mtu anaweza kuzitegemea, kisha waandike vichwa vyao miezi mitatu, kama mimi nilivyoandikishwa.

Daftari la 2012 nimelitenga. Tripu za saa 1 usiku zimo zote, siku kwa siku, za wino mwekundu na za wino wa bluu. Mwenye gari yeyote, diwani au ofisa anayetaka kuliona, nyumba yangu haiko mbali na njia panda ya Bumbuli, aulize mama aliyekuwa na Hiace ya saa 1, ataelekezwa. Ila asije Jumatatu asubuhi. Jumatatu ijayo mjukuu ana kliniki tena, na kuanzia saa 11 na nusu tutakuwa barabarani.

Msomaji wako,
Soni, Lushoto